Z80 haihitaji mtumishi mwenye nguvu kuliko yenyewe

Kijana anayetengeneza simu kwenye fremu ya jirani alikuja kuazima pampu ya kunyonyea risasi. Akaiona mezani bodi ya kompyuta ninayoijenga kwa Z80, prosesa ya miaka ya sabini, akahesabu chipu kwa kidole mpaka saba, akaniuliza, "Anko, yote haya si ungeweka ESP32 moja ukamaliza?"

Ana haki, na hapo ndipo panapouma. ESP32, maikrokontrola wa kisasa (kompyuta nzima ndani ya chipu moja), inakwenda hadi megahezi 240. Inaweza kuiigiza Z80 nzima pamoja na kumbukumbu zake, na muda ukabaki wa kuhangaika na Wi-Fi. Mimi nimelehemu Z80 halisi, ROM ya kilobaiti 32 ya kuhifadhi programu, RAM ya kilobaiti 32 ya kufanyia kazi, 16550 ya mawasiliano, 74HCT04 na 74HCT32 ambazo ni chipu ndogo za mantiki, na 555 ya kupiga saa polepole wakati wa majaribio, yaani mapigo yanayoiendesha prosesa.

Swali lake si geni kwetu sisi wenye ugonjwa huu wa kujenga kompyuta za kizamani. Wengi wamelijibu kwa kukutana katikati: Z80 iwepo, ila pembeni yake akae maikrokontrola wa kisasa afanye kazi ngumu. Muundo unaopendwa sana wa namna hiyo, Z80-MBC2, una chipu 4 tu: Z80, RAM ya kilobaiti 128, chipu ya mantiki 74HC00 na maikrokontrola ATmega32A. ROM hakuna. ATmega ndiyo inayoipigia Z80 saa, ndiyo inayoipakia programu kwenye RAM, ndiyo inayopokea na kupeleka herufi. Kwa kubana matumizi, aliyeubuni apewe heshima yake. Lakini Z80 pale ni bwana harusi: anavalishwa, anashikwa mkono, na hata salamu anasemewa na wapambe.

Mimi nataka bwana harusi aseme mwenyewe, hata kama ana kigugumizi.

Nieleze kilichonifikisha hapa. Kabla ya kuweka ROM yoyote, bodi ya Z80 hujaribiwa kwa kuzifunga nyaya zake nane za data kwenye ardhi kupitia rezista. Prosesa ikisoma inapata sifuri tupu, na sifuri kwa Z80 ni amri ya NOP: usifanye kitu, nenda mbele. Basi inakwenda mbele, anwani baada ya anwani, kama mtu anayepita nyumba kwa nyumba akikuta milango yote imefungwa. Ukiweka taa za LED kwenye nyaya za anwani (A0 ni ya kwanza, A7 ni ya nane), unaiona ikihesabu.

Nilipoteza siku nzima kwa sababu mguu wa BUSREQ, ule wa kuiomba prosesa iachie nyaya zake, niliuacha unaelea. Nikisogeza kiganja karibu, inahesabu, nikikiondoa, inasimama. Siku nyingine ikaenda kwa saa yenyewe: Z80 inataka mpigo unaopanda hadi karibu kabisa na volti 5, na 555 ya kawaida inaishia kwenye tatu na kitu, kwa hiyo lazima ipitishwe kwanza kwenye 74HCT04. Na chipu ya kwanza niliyoagiza mtandaoni ilikuwa ya kughushi. Juu imeandikwa ni CMOS, ile isiyojali saa ikisimama kabisa. Ndani ni NMOS ya zamani, ambayo ukiipunguzia mapigo kiasi hicho inasahau ilichokuwa inafanya. Ilikuwa inachemka mpaka kidole kinakimbia. Nikaifuta kwa asetoni, maandishi yakatoka na pamba.

Basi chipu halali ikapatikana, nikashikilia kitufe cha riseti, maana inataka walau mapigo matatu kamili ya saa, na kwa mapigo kumi kwa sekunde kugusa na kuachia hakutoshi. Taa zikaanza. A0, A1, A0 na A1, A2, safi kabisa. Kila NOP inakula mapigo manne, kwa hiyo kufika 128 ni karibu dakika nzima. Ilipofika, taa ya A7 ikawaka, ikazimika, ikawaka, ikazimika, wakati hesabu bado iko juu ya 128. Nikajua nimelehemu vibaya. Nikaupasha upya ule mguu mara mbili.

Mguu ulikuwa mzima. Katika nusu ya pili ya kila kusoma amri, Z80 huachia anwani ya programu na kuweka anwani ya kuhuisha RAM zile zinazosahau zisipoguswa. Anwani hiyo inahesabu kwa biti saba tu. Kuanzia A0 hadi A6 hesabu mbili zinaenda sambamba, huoni tofauti. A7 ndiyo ya kwanza kuumbua siri. Bodi yangu haina hata RAM ya aina hiyo. Z80 inafanya tu, kwa sababu hivyo ndivyo ilivyoumbwa mwaka 1976. Maikrokontrola angekaa katikati akinipa ripoti nadhifu ya herufi kwenye skrini, nisingeliona hilo.

Najua nitaulizwa: laptopu ninayoitumia kama skrini je? Kifaa cha kuandikia ROM? Vyote vina prosesa ziishindazo yangu mbali. Mpaka wangu ni nyaya za data na anwani: hapo asiguse mwenye mbio kuliko Z80. Ndiyo, mpaka nimeuchora mwenyewe.

Kwa hiyo pia nafuja anwani bila aibu. A15 peke yake inaamua kati ya ROM na RAM. Milango ya vifaa vya nje ni 256, na 16550 nimeipa yote. Rejista zake 8 zinajirudia mara 32. Sharti moja tu: ishara ya IORQ, ambayo prosesa huitumia kuita mlango, isikubalike pale ishara ya M1 nayo iko chini, maana huko ni kuitikia ukatizi, yaani kifaa kinapoikatiza prosesa kuomba huduma.

Aprili 2024 Zilog, watengenezaji wake, walitangaza kuacha kuitengeneza Z80 hii ya miguu 40, oda za mwisho zikapokelewa hadi tarehe 14 Juni. Bodi ijayo huenda ikawa ya 6502, prosesa nyingine ya zama hizo, ambayo Western Design Center bado wanaiuza mpya.

Haya yote sikumwambia kijana. Nilitoa ROM, nikabonyeza riseti, nikaachia. Akasimama na pampu mkononi akiangalia taa. Huko nje mteja wake ameanza kuita.

"Anko," akasema baada ya kama dakika, "hii ya nane mbona inacheza?"