Gitaa Baada ya Habari ya Vifo

Anayesikiliza NPR, mtandao wa redio ya umma wa Marekani, ameshauzoea mpangilio huu. Ripota anamaliza habari ya mafuriko, anataja jina lake na mji alipo, inapita pumzi moja, halafu linaingia gitaa. Halina maneno, wala hatuambiwi ni la nani. Baada ya nusu dakika linafifishwa na mtangazaji anatuhamishia kwenye bei ya mafuta. Wako wanaolingojea gitaa hilo kuliko habari yenyewe, na wako wanaoona ni kukosa adabu kupigiwa muziki wakati maiti hazijazikwa. Kila upande una haki yake, ila uzito wa hoja zao haulingani.

Wengi hudhani muziki huo ni pambo tu. Sivyo. NPR inatengeneza vipindi, lakini wanaovirusha ni mamia ya vituo vyenye uongozi wao wenyewe, kila kimoja katika mji wake. Kipindi kama Morning Edition, kilichoanza Novemba 1979, kina saa iliyokatwa vipande kwa kuhesabu sekunde, na kati ya kipande na kipande huachwa mwanya. Hapo kituo cha Denver au Atlanta hupenyeza hali ya hewa, foleni za barabarani na majina ya wafadhili. Kisichokuwa na la kusema kinauacha muziki uende. Ndiyo maana karibu wote ni ala tupu: mtangazaji wa huko anatakiwa aongee juu yake bila kugombania nafasi na mwimbaji.

Waingereza nao wana yao. Usiku wa manane, kabla ya taarifa ya hali ya bahari, BBC Radio 4 hupiga Sailing By, muziki wa Ronald Binge. Kipindi kilichotangulia kikiisha mapema unasikika kwa kirefu, kikichelewa unasikika kidogo, mradi taarifa isipishane na saa yake. Na baharia anayetafuta kituo gizani akiusikia anajua amefika penyewe.

Kwa hiyo anayesema muziki uondolewe aeleze kwanza ataweka nini mahali pake. Kimya? Redio ikinyamaza sekunde kumi, msikilizaji anadhani betri zimekwisha au mitambo imezimika, na huko kituoni king'ora cha kimya kinamwita fundi mitambo mbio. Aweke maneno zaidi? Habari zikifuatana bila nafasi, ya tatu inaifuta ya kwanza. Masikio ya mtu hayana mahali pa kurudi kusoma upya kama kwenye gazeti.

Hoja ya pili ya watetezi naipenda zaidi. Bob Boilen alikuwa mwongozaji wa All Things Considered, kipindi cha habari cha NPR, kwa miaka 18, na sehemu ya kazi yake ilikuwa kuchagua vipande hivyo vya katikati. Wasikilizaji walikuwa wakiuliza kila mara: ule muziki wa baada ya ile habari ulikuwa wa nani? Kutokana na maswali hayo, mwaka 2000 akaanzisha All Songs Considered, kipindi kizima cha muziki kwenye intaneti. Yaani viraka vya kuzibia mwanya vilizaa kipindi, na wanamuziki ambao vituo vya biashara visingewagusa wakapata wasikilizaji.

Sasa upande wa pili. Mtangazaji wa redio ya umma hawezi kumaliza habari ya bomu akasema "inasikitisha sana" au "walijitakia". Mhariri atamwita. Lakini muziki unaweza kusema lolote kati ya hayo mawili na hakuna atakayemwita mtu. Kipindi cha uchumi cha Marketplace, ambacho hurushwa na vituo hivyohivyo ingawa hakitengenezwi na NPR, kinafanya jambo hili waziwazi: soko la hisa likipanda, namba zinasomwa juu ya muziki wa shangwe za pesa, likishuka, juu ya ule wa mvua na majonzi. Watu wanacheka na inapendeza. Ila hisa kupanda si sherehe kwa kila mtu. Kampuni hupunguza wafanyakazi na hisa zake zikapanda siku ileile, na aliyepunguzwa naye ana redio nyumbani.

Sisi wa huku hatuhitaji kufundishwa kwamba muziki wa redio unasema. Walioishi Tanzania Oktoba 1999, Mwalimu Nyerere alipofariki, wanakumbuka jinsi nyimbo za maombolezo zilivyotawala redio. Hadi leo redio ya taifa ikigeuza muziki ghafla, wa kwanza kusikia anauliza nani amefariki kabla hajasikia neno. Na ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, yule mpigaji asiyeona aliyekuwa akizipiga nyingi kwa wakati mmoja, zilipoashiria taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam, watoto walinyamazishwa. Zilikuwa amri, tena ya serikali.

Hapo ndipo naanza kuegemea. Kiashirio kama cha Mzee Morris ni kilekile kila siku, kwa habari njema na mbaya, kwa hiyo hakimpendelei mtu. Sailing By vilevile. Lakini kipande kinachochaguliwa leo kwa ajili ya habari ya leo ni maoni. Muongozaji anayeweka kinanda cha huzuni baada ya habari ya wakimbizi wa nchi moja, na gitaa la kuchangamka baada ya wakimbizi wa nchi nyingine, ametupangia nani wa kulilia. Huenda hakukusudia, lakini msikilizaji hapokei kusudio, anapokea sauti.

Suluhisho la kufuta kila kitu silikubali. Mwaka 2006 Radio 4 iliondoa UK Theme, mseto wa nyimbo za asili za Uingereza uliopangwa na Fritz Spiegl na kufungulia matangazo ya alfajiri tangu 1978, ili kupisha muhtasari wa habari. Wasikilizaji walikusanya saini, wabunge wakalibeba suala, na uamuzi haukubadilika. Kwa hesabu za uhariri uongozi ulikuwa sahihi, kwani dakika tano za habari ni dakika tano za habari. Ila watu hawakuwa wakidai habari saa hiyo.

Ningekuwa na kauli ningeweka masharti mawili tu. Habari ya vifo ifuatwe na sekunde tatu za kimya, ambazo hazitoshi kuamsha king'ora, kisha sauti ya mtu. Gitaa lisubiri habari inayofuata. Na muziki wa kuchagua kila siku usibebe hisia ambayo mtangazaji mwenyewe amekatazwa kuitamka.

Kuna jambo ambalo mabishano haya ya adabu hulifunika, nalo ni malipo. Kwa sheria ya Marekani, redio ya masafa ya hewani inalipia watunzi na wachapishaji wao tu. Aliyepiga lile gitaa, kama si yeye aliyelitunga, hapati kitu kutokana na kurushwa kwake hewani. Matangazo ya kidijitali yana sheria tofauti tangu miaka ya 1990, na kipindi kikigeuzwa podikasti, vibali vinakuwa vingine, hata muziki hulazimika kukatwa au kubadilishwa. Kwa muda mrefu NPR imekuwa ikiorodhesha vipande hivyo kwenye tovuti yake, na ni jambo jema, lakini aliye kwenye usukani haoni orodha. Kumtaja mpigaji hewani kunachukua sekunde nne.

Kenya, kwa maandishi, imewatangulia Wamarekani hapo: sheria yake ya hakimiliki inawatambua wapigaji na watayarishaji wa rekodi kuwa wanastahili malipo redio ikiwatumia, na jumuiya mbili, PRISK ya wapigaji na KAMP ya watayarishaji, ziliundwa kukusanya fedha hizo. Fedha zinamfikia nani, na kiasi gani, ni ugomvi ambao wanamuziki wa Nairobi wamekuwa nao kwa miaka mingi, na haujaisha.