Shikamoo kutoka kwenye dagaa

Elementi yangu, kofia ngumu ya baiskeli, niliinunua Mlango Mmoja hapa Mwanza, kwenye mitumba. Muuzaji aliniambia, "Hiyo ya mbio kaka, siyo ya bodaboda," kichwa kikavimba. Kingevimba kweli ingekuwa nafuu, maana ilikaa kama chungu juu ya figa moja. Nikatatua kisomi: nikavaa mzura ndani.

Jumamosi asubuhi nikashika barabara ya Igombe. Pale uwanja wa ndege watu walinikodolea macho, nikadhani ni mwendo. Mkanda wa kidevuni niliuacha unaning'inia. Ulikuwa unanikaba, bwana, na mimi nilitoka kupunga upepo wa ziwa.

Kwenye mteremko wa mwaloni gurudumu likarukia jiwe (Mwanza jiwe utalikosa wapi?) na elementi ikashuka mpaka puani. Giza. Nikabana breki ya nyuma, ambayo nayo ina mambo yake. Nikasikia kuku, nikasikia mtu akisema "Huyoo!", kisha nikatua mahali laini penye harufu.

Nilipofunua uso nikaona macho. Mengi, madogo. Nimelala katikati ya dagaa walioanikwa, na mama kanisimamia na ufagio. Mdomo ukasema wenyewe: "Shikamoo mama."

"Marahaba," akajibu, adabu ni adabu. "Haya, toka kwenye dagaa wangu."

Fundi baiskeli wa pale, kijana mdogo kabisa, akaniokota bila haraka. "Kaka, umeivaa nyuma mbele." Kile kigurudumu nilichokuwa nacho kwenye paji la uso, nikidhani ni cha kuwashia taa, kazi yake ni kukaa kisogoni na kukaza kofia. Akanivua mzura, akaigeuza, akakikaza. Akapima vidole viwili juu ya nyusi, akavuta mikanda ikutane kama herufi V chini ya kila sikio, akafunga kidevuni pakabaki nafasi ya kidole kimoja.

"Sasa piga mwayo. Ukipanua mdomo, kofia ivute kichwa."

Nikapiga mwayo mbele ya mwalo mzima. Kofia ikavuta, na dagaa watatu wakadondoka kutoka kwenye matundu ya hewa. Mama akawaokota, akawarudisha kwenye hesabu.

Nililipa sado mbili, akanifungia kwenye mfuko. Paka wa jirani, ambaye miaka yote hajawahi hata kunitazama, siku hiyo alinipokea barabarani.