Dagaa wa Chang'ombe

Sisi mafundi redio wa kujifundisha wenyewe tuna ugonjwa mmoja: kifaa kikifa hatutosheki kukitupa, lazima tujue kimekufaje. Jumapili moja, upepo wa Chang'ombe yetu ya Dodoma ukiwa unatia vumbi mpaka kwenye chai, nikaamua kuua vifaa vichache kwa makusudi nisome dalili zao.

Betri ya volti 12 niliazima kwa jirani yangu wa bodaboda. Volti 230 za ukutani sikuthubutu. Nina wazimu, ila wa kipimo. Halafu LUKU ya pale tunachangia vyumba sita, ningekula matusi ya vyumba vitano.

Shahidi alikuwa mpwa wangu, miaka kumi. Tukaanza na rezista, kidude cha kubana umeme, ya omu 10, uwezo wake robo wati. Piga hesabu: 12 mara 12, gawanya kwa 10, ni wati 14.4. Yaani punda wa debe moja umembebesha madebe 57. Ikafuka moshi, pete zake za rangi zikawa nyeusi zote, ikajifia kistaarabu bila kusumbua mtu. Taa ya LED nikaiunga hivihivi, bila rezista ya kuikinga. Ikamulika mara moja, tik, kwaheri.

"Mjomba, rudia!"

Sikurudia. Nilikuwa na kapasita, kikopo cha kutunza umeme kwa muda, ya redio kaseti ya zamani, mikrofaradi 2200, volti 16, nene kama kidole gumba. Upande wa hasi umechorwa mstari ili mtu mwenye akili asikosee. Mimi nikaigeuza. Mle ndani kuna karatasi iliyoloweshwa dawa, imeviringishwa pamoja na foili za alumini. Ukigeuza nyaya, ngozi nyembamba ya oksaidi inayozuia umeme inaharibika, dawa inachemka, gesi inatafuta mlango. Nyingi za siku hizi wamezichanja msalaba kichwani, gesi ipasulie hapo. Yangu haikuwa na msalaba. Niliona hilo, nikasema haidhuru.

Kimya. Tukasubiri.

"Mjomba, hii imekataa."

Nikaigusa kwa kidole: ya moto kama andazi linalotoka kwenye mafuta. Nikarudi nyuma hatua mbili. Hizo hatua mbili ndizo zilizoniachia macho ninayoandikia.

PAA!

Kopo likapaa, likatokea dirishani. Vipande vya karatasi vikaanza kutushukia taratibu kama tunaozeshwa. Kisha ikaja harufu. Samaki! Samaki aliyechacha siku tatu, na bahari iko zaidi ya kilomita 300 kutoka pale.

Uani mtu akapiga kelele, "Transfomaaa!" Mzee wa chumba cha pili akakimbilia meni swichi, akazima nyumba nzima, mpira ukiwa dakika za mwisho. Wanaume waliotoka kule ndani hawakutaka kusikia kwamba mimi nilikuwa natumia betri.

Mama mwenye nyumba akasimama mlangoni na mwiko wa ugali, kanga puani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani anakaanga dagaa waliooza ndani ya nyumba yangu?"

"Si dagaa, mama. Ni kapasita."

"Hata kama ni kapasita! Kakaangie nje kama wenzako!"

Nikaomba radhi kwa mama, kwa mzee, kwa wenye mpira (bao lilifungwa tukiwa gizani, nalo nikabandikiwa mimi). Mpwa wangu alishatoroka kitambo. Nikatoka na ufagio kulitafuta lile kopo: juu ya bati, chini ya mapipa, kwenye banda la kuku. Halipo.

Likapatikana saa mbili usiku, mama alipokuwa anapakua. Aliniita kwa sauti ya upole ambayo sikuipenda. Nikamkuta amesimama juu ya sufuria ya mlenda, nzima, haijaguswa, na kwenye ncha ya mwiko kuna kitu cha fedha kinachuruzika utelezi.

"Baba, dagaa wako huyu hapa," akasema. "Hana kichwa. Kaa kitako, sufuria yote ni yako."