Mamzazi ya Chuma

Nilipoanza kutafuta ufadhili wa masomo ya chuo, niliamini kwamba mwenye nyavu nyingi hakosi samaki, nikawa nashinda siku nzima nikisoma masharti ya wafadhili, ambao nao, kama nilivyokuja kugundua, wana mambo yao. Chuo cha Juniata cha Marekani kina ufadhili wa wanafunzi wanaotumia mkono wa kushoto, na shindano la Stuck at Prom huwazawadia fedha za masomo vijana wa Marekani na Kanada walioshona vazi la sherehe ya shule kwa utepe wa gundi. Ule wa mkono wa kushoto ulinikosesha usingizi. Nilijaribu kuandika insha kwa mkono huo, lakini hati iliyotoka ilikuwa kama njia aliyopita mende baada ya kuoga wino.

Mwishowe nilikuta mifuko miwili iliyonifaa: mmoja wa wahandisi wa baadaye, mwingine wa wakunga. Mimi nilitaka kusoma tu, chochote kile, kwa hiyo niliomba yote miwili. Insha ya uhandisi, yenye maneno 500 kamili kuhusu mapenzi yangu kwa madaraja, ilinichukua siku nne. Ya ukunga ilinichukua sekunde mbili, kwa sababu niliiamuru kompyuta ibadilishe neno "daraja" kuwa "mzazi" kila mahali lilipo, nikazituma zote mbili bila kuzisoma, maana zilikuwa zimebaki dakika 10 tu dirisha la maombi lifungwe.

Mwezi mmoja baadaye wakunga waliniita kwenye usaili kwa njia ya video. Walikuwa watatu, na katikati alikaa mama mmoja mwenye miwani, mkunga wa miaka mingi, aliyeshika insha yangu ikiwa imepigiwa mistari kwa kalamu nyekundu.

"Kijana wangu," alisema kwa upole, "umeandika hapa kwamba tangu utotoni unapenda mamzazi ya chuma. Mamzazi ni nini?"

Hapo ndipo nilipong'amua kwamba kompyuta haijui umoja wala wingi, na kwamba ndani ya kila "madaraja" mlikuwa na "daraja".

"Ni kifupi cha mama mzazi, Mama," nilijibu. "Na chuma ni ushupavu."

Wajumbe wa pembeni waliinama kwa pamoja, kama watu walioangusha kalamu.

"Sawa. Na hapa: 'Mzazi likijengwa vizuri hubeba malori 200 kwa siku bila kupata nyufa.'"

Nilieleza kwamba malori ni mizigo ya maisha. Kuhusu upatanisho wa kisarufi sikuwa na la kueleza.

"Katika aya ya mwisho unasema ulipata mzazi la kwanza kwenye mtihani. Hongera. Huyo wa pili yuko wapi?"

Nilifungua kinywa, sauti ikagoma. Mjumbe wa kulia alizima kamera yake, lakini alisahau kuzima kipaza sauti, nikamsikia akicheka mpaka akapaliwa.

Barua ya kunikataa ilikuja baada ya siku tatu, imeandikwa kwa heshima kubwa, ikinishauri nijaribu ufadhili wa uhandisi. Nilifarijika sana, nikafungua faili nililowatumia wahandisi ili nianze kujiandaa kwa usaili wao. Sentensi ya kwanza ilisema: "Tangu utotoni, mamzazi yamekuwa ndoto yangu."