Hiyo si sheria mpya, ni kanuni
Ndugu mwandishi, kichwa cha habari yenu kinasema Bunge limeweka faini mpya, lakini aya ya tatu inasema waziri ndiye aliyezisaini. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya kunamuumiza msomaji. Sheria hutungwa na Bunge: muswada husomwa, hujadiliwa, hupigiwa kura. Kanuni hutungwa na waziri au chombo kilichopewa uwezo huo na kifungu fulani cha sheria, na mara nyingi huanza kutumika zikishachapishwa katika Gazeti la Serikali (chapisho rasmi la matangazo ya kisheria, si gazeti la habari), bila wabunge kuzipigia kura.

Ndiyo maana kanuni haziwezi kuvuka mipaka ya sheria mama, yaani ile iliyotoa uwezo wa kuzitunga. Sheria ikimruhusu waziri kupanga ada za leseni tu, hana ruhusa ya kuchomeka humo kosa la jinai na kifungo. Akifanya hivyo, mahakama inaweza kuzibatilisha kanuni hizo huku sheria yenyewe ikibaki kama ilivyo (na hili hutokea kweli).

Tafadhali tutajieni kifungu kilichompa waziri uwezo huo. Mimi hukitafuta hicho kwanza, kabla hata ya kuangalia kiwango cha faini.