Taa nyekundu imewaka na sijapiga direct

Jana saa moja usiku taa zimenizimikia. Novemba hii huku Uingereza saa kumi na nusu jioni giza lishatanda, nimekaa kwenye boti na kikombe changu cha chai, nikageuka nikaona kontrola ya sola, kile kiboksi kinacholinda betri, inawaka taa nyekundu. Betri imeshuka mpaka volti 11.1, maana yake kalale. Mkono ukaenda wenyewe kwenye boksi la vifaa kutafuta kipande cha waya nipige direct, yaani niiruke kontrola niunge kwenye betri moja kwa moja. Mimi mtoto wa Muheza, taa nyekundu haijawahi kunizuia kitu.

Nikaurudisha mkono. Nikalala giza nimenuna.

Kwa ambao hamjui, naishi kwenye hizi boti nyembamba za mfereji. Yangu ina urefu wa mita 15 na upana mita 2 na kidogo, ukiwa ndani ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Mifereji yenyewe ilichimbwa zamani kusafirishia makaa ya mawe, siku hizi tumebaki sisi tuliokimbia kodi za nyumba. Na kama huna mahali pa kudumu pa kufunga boti huruhusiwi kukaa sehemu moja zaidi ya siku 14, kwa hiyo hakuna cha nguzo wala mita, umeme wako unatembea nao. Fundi wa hapa aliniambia pauni 1,400 kunifungia sola, nikamshukuru nikafunga mwenyewe, mimi ambaye nyumbani hata balbu nilikuwa namuita mtu.

Aisee nilihangaika. Nilitaka kuanza na paneli kwa sababu ndio zina raha, kumbe kontrola inatakiwa kwanza ionane na betri ijue ni ya volti 12 au 24, paneli zinafuata. Paneli zenyewe mbili za wati 175 nimezifunika blanketi wakati naunga, maana ikipigwa na mwanga tu ile ina umeme hata kama haijaunganishwa popote. Waya wa kwanza niliurudisha dukani, kwenye volti 12 wati 350 ni kama ampea 29, ule mwembamba ungekuwa jiko. Nimezilaza paneli bapa juu ya paa kwa sababu madaraja ya huku yamejikunja, ukizisimamisha daraja linazichukua. Sasa zikilala hivyo, na jua la Desemba hata saa sita mchana liko nyuzi 15 tu juu ya upeo, unavuna nini hapo? Halafu nimeziunga kwa kufuatana, kivuli cha mti kikiangukia moja inamvuta na mwenzake, kwa hiyo siku hizi nikitafuta pa kufunga boti naangalia miti kama mkata mkaa.

Lakini kilichonikosesha usingizi jana sio giza. Nilikumbuka Juni 2019, AFCON ya Misri, Taifa Stars na Kenya. Pale kwa mzee tulikuwa na paneli moja, betri ya gari na tivii ya DC, na watu wamejaa sebuleni mpaka barazani. Taa nyekundu ikawaka, tivii ikazima. Unafikiri kuna mtu alisema basi tukalale? Fundi akaitwa kutoka kwake na msuli, mzee akamwambia neno moja, "Piga direct." Akatoa waya kwenye kontrola akaupeleka betri moja kwa moja, tivii ikawaka, tukashangilia kuliko goli. Tukafungwa 3-2 na betri nayo haikuamka tena vizuri, na mwaka mzima tukawa tunamtukana muuza duka kwamba katuuzia feki.

Haikuwa feki. Betri ya gari imetengenezwa kupiga stata, ukiikamua mpaka chini mabamba ya risasi yanashika ukoko usiotoka. Tuliiua wenyewe, ile taa ilikuwa inatuambia.

Na ndio tulivyo kwa kila kitu. Fyuzi ikiungua tunafunga kipande cha waya, breka ikitripu tunaweka kubwa zaidi, termostati ya gari fundi anaitoa anakwambia hii ya nchi za baridi. Chochote kinachosema imetosha tunakipita pembeni.

Najua mtakavyosema. "Mbeba boksi kaona mfereji, sasa anatufundisha umeme." Jamani nifundishe nini, jana saa moja na nusu nimelala na koti, muda huo kaka yangu Muheza anaangalia tamthilia! Jua lake la siku mbili mimi nalila wiki mbili. Mwingine atasema direct ni shida, mtu hana hela ya betri ya pili atafanyaje. Nakubali nusu. Ila ile direct ndio iliyotufanya tununue betri ya pili, na ya tatu, hiyo nusu nyingine mbona hamuisemi? Na wala sisemi mafundi wetu hawajui. Yule fundi wetu nimemuona analehemu redio kwa msumari aliopasha kwenye mkaa na ikaimba, mleteni hapa mfereji mzima utamheshimu.

Tena leo asubuhi nimempigia video. Shikamoo, marahaba, nikamuuliza ile siku ya mpira hakujua kwamba betri itakufa? Akacheka.

"Nilijua. Nilimwambia mzee wako subuhi mtanilaumu. Akanambia subuhi ni subuhi."

Saa hiyo namuonyesha kazi yangu kwa mbwembwe, kontrola hii, waya huu, fyuzi ile pale ukutani. Akanyamaza kidogo, akaniambia nirudi nyuma, nisogeze simu.

"Fyuzi umeiweka mbali na betri. Huo waya wote wa katikati ukigusa chuma cha boti nani anaukata? Isogeze."

Nimeshinda mchana mzima nimejikunja chini ya ngazi naisogeza. Jioni kanitumia meseji anauliza hizo paneli huku zinauzwaje.