Sorry yangu ina pole ndani yake

Juzi kazini mwenzangu kateleza jikoni na trei ya chai, vikombe sita chini, maji ya moto yamemrukia mkononi, na mimi kabla sijafikiria chochote mdomo ushatangulia, "Sorry, sorry, sorry!" huku namkimbilia na taulo. Akanigeukia akaniambia, kwa utaratibu tu wala hakuwa na ubaya, mbona unaomba msamaha, hujafanya kitu. Basi nikabaki nimesimama na taulo mkononi. Mwaka wa saba huu nipo England nafanya kazi nyumba ya wazee, na hilo jibu nimeshalipata sijui mara ngapi, ila juzi liliniuma zaidi, labda kwa sababu ilikuwa shifti ya usiku na mwili umechoka, labda kwa sababu nilikuwa namwonea huruma kwelikweli halafu huruma yenyewe ikarudishwa kama barua iliyokosea mlango.

Wote mnajua nilichokuwa namwambia. Nilikuwa namwambia pole. Shuleni tulifundishwa pole ni sorry, samahani ni sorry, kumradhi ni sorry, tukakariri hivyo hivyo na mtihani tukafaulu, hakuna aliyetuambia kwamba Mwingereza wa leo ukimtajia sorry cha kwanza anachotafuta ni nani mwenye kosa. Kwetu mtu akijikwaa barabarani watu watano wasiomjua wanasema pole kwa pamoja, na wa dukani anatoa kichwa dirishani naye anasema pole, na aliyejikwaa anajibu asante, nimeshapoa, safari inaendelea. Hakuna anayeuliza nani aliliweka jiwe.

Sasa nikirudi nyumbani asubuhi usingizi haukuja, nikaanza kulichimba hilo neno. Na jamani nilichokikuta ndo kimenifanya niandike. Sorry ni neno la zamani sana, kwenye Kiingereza cha zaidi ya miaka 1000 iliyopita lilikuwa sarig, na sarig limetokana na sar, yaani maumivu, kidonda, ndo hilo hilo ambalo leo wanaliita sore. Kwahiyo mtu aliyekuwa sarig alikuwa mtu mwenye maumivu, moyo unamuuma, basi. Msamaha haumo. Kosa halimo. Hata wao wenyewe wengi wanadhani sorry na sorrow ni ndugu wa tumbo moja kumbe sio, sorrow limetoka kwenye sorg, ukoo mwingine kabisa, sema yameishi jirani karne na karne mpaka yakafanana sura. Ile a ndefu ya zamani iligeuka o kwenye maneno mengi, stan likawa stone, ban likawa bone, na ham likawa home. Hapo kwenye home nilikaa kidogo nikaangalia dirishani.

Hata Shakespeare, yule Macbeth akishamuua mfalme anaitazama mikono yake yenye damu anasema ni "a sorry sight", na hapo haombi msamaha kwa mtu yeyote, anasema anachokiona kinatia uchungu. Hii tabia ya kusema sorry peke yake, neno moja, ukimaanisha nisamehe, imeingia karne ya 19, ni mtoto wa juzi kwenye lugha yao. Maana yake nini? Maana yake mimi niliyetoka na taulo nikisema sorry kwa sababu mkono wa mwenzangu umeungua, nililitumia neno lao kwa maana ile ya mababu zao. Nilikuwa sarig. Iliniuma.

Najua kuna mtu ameshaanza kusonya. Ameenda Ulaya kufuta wazee makalio anarudi kutufundisha Kiingereza. Sawa, semeni, ila mimi sijaenda chuo cha lugha na sijasema najua kuliko mtu. Nasema kwamba miaka saba nimekuwa nikisahihishwa kwa kitu ambacho sikukosea, na nilishaanza kujizuia, mtu anapiga chafya au anagonga goti kwenye meza mi nakaza mdomo nisionekane mshamba, na hilo la kujizuia huruma ndo linaniudhi, manake huruma ukiizoesha kukaa ndani mwisho inakaa huko huko.

Na isitoshe sio kwamba hawa watu hawaisemi. Wanaisema mchana kutwa! Ukimkanyaga wewe, yeye ndo anasema sorry. Hakukusikia vizuri, sorry. Anataka kupita, sorry. Na kwenye msiba wanasema vizuri kabisa, I'm sorry for your loss, na sijawahi kusikia mfiwa akamjibu mtu mbona unaomba msamaha, kwani wewe ndo ulimuua? Hapo msibani ile maana ya zamani bado ipo hai, wanaielewa bila kufundishwa. Sasa kama inakubalika kwa maiti kwanini isikubalike kwa mkono ulioungua?

Nadhani ni woga. Hapa neno sorry limeshaingia mahakamani. England na Wales wana sheria ya 2006, Compensation Act, kifungu cha 2 kinasema mtu kuomba radhi, au kujitolea kumpatia aliyeumia matibabu, peke yake hakuhesabiki kuwa amekiri uzembe. Ontario kule Kanada nao wakatunga yao 2009, wameiita kabisa Apology Act. Hebu fikiria, bunge zima linakaa ili watu waruhusiwe kusema neno bila kushtakiwa nalo. Na pamoja na sheria hiyo bado wanaogopa, niliwahi kuandika kwenye fomu ya ajali kwamba bibi alianguka nikamwambia sorry, msimamizi akanishauri niutoe huo mstari, itaonekana kama nilimsukuma. Bibi wa miaka tisini kaanguka, nimwambie nini? Habari za jioni?

Kuna mama mmoja Mnaijeria tunafanya naye shifti, Myoruba, yeye nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini. Kwao wanasema pẹlẹ, kwa aliyeumia, kwa aliyechoka, na pẹlẹpẹlẹ ni taratibu, kama vile sisi pole na polepole. Sisemi maneno haya yana undugu, nasema tulitazamana tukaelewana. Sisi wawili tukiwa zamu moja mtu akidondosha kijiko anapata sorry mbili na hakuna wa kuuliza.

Lakini ngoja niwe mkweli, manake kuna na wa upande wa pili watakaosema, si unaona, kwetu ndo kuna utu, Wazungu hawana roho. Hapana, msinitumie hivyo. Hii pole yetu tunayoipenda tumeifanya kichaka. Konda anakufungia mlango wa daladala kwenye kanga, anakwambia pole mama, kana kwamba mlango ulijifunga wenyewe. Unakwenda ofisini mara ya nne, faili halionekani, pole sana dada njoo Jumatatu. Faili lilipotezwa na nani? Na radi? Hapa treni ikichelewa dakika kumi na mbili kuna sauti ya mashine inaomba radhi, ndio ni mashine, haina uchungu wowote, lakini imesema tumechelewa SISI. Kwetu utaonewa huruma na mtu yule yule aliyekuumiza, na ukidai akiri unaonekana una gubu, umebadilika, Ulaya imekuharibu.

Sijabadilika. Samahani ni neno letu, na niwie radhi ni letu, limekuwepo Pwani kabla hata babu zetu hawajamwona Mwingereza, nani katukataza kulitumia?

Desemba nilikuja nyumbani nikampa fundi kitenge cha sendofu ya mdogo wangu, wiki tatu kabla, hela nikalipa yote. Siku ya shughuli saa nane mchana gauni halina mkono mmoja. Akaniambia pole dada, umeme. Nikavaa la mwaka juzi, picha zipo. Tangu hapo nimempigia mara mbili kuulizia kitambaa changu na mara zote mbili ananiambia pole, na namwamini, anaona uchungu kweli, ni kijana mzuri. Hiyo pole nimeipokea na nimeshapoa. Samahani ndo bado namdai.